Nenda Efeso, Pamukkale Iache Kwanza

BARUA

Shangazi, mimi ni binti wa miaka 21, niko mwaka wa pili chuoni hapa İzmir, Uturuki, kwa ufadhili wa serikali yao. Nyumbani ni Kilwa Masoko. Wiki mbili zijazo, mwezi huu wa Mei, marafiki zangu wamepanga kutembea wikiendi. Jumamosi tukaone magofu ya Efeso, wao wanasema Efes, kisha usiku huohuo tuendeshe mpaka Pamukkale, turudi Jumapili jioni. Tuko wanne: mimi, Mindonesia tunayelala naye chumba kimoja kwenye yurt (bweni la wanafunzi), Mkazaki mmoja na Mturuki mmoja mwenyeji. Watakodi gari. Mchango wangu unakaribia nusu ya posho ya mwezi. Mindonesia amesema yuko tayari kunikopesha.

Safari iliyopita tulikwenda Bergama kwenye magofu ya Pergamo. Nilirudi na picha tele na sikuelewa chochote. Niliona mawe tu. Siku ile yule Mturuki aliniuliza kama kwetu nako kuna magofu, nikamjibu hakuna. Usingizi ulinipaa, Shangazi, kwa sababu pale Masoko ukisimama ufukweni Kilwa Kisiwani inaonekana, na mimi sijawahi kuvuka hata mara moja.

Mama naye aliziona picha za Bergama kwenye status, akanitumia sauti akiuliza kama nimekuja kusoma au kuzurura. Mama anauza samaki wa kukaanga, na kwetu mimi ndiye wa kwanza kwenda nje. Niende au nibaki? Na nikienda nifanyeje nisirudi mtupu tena?

Binti wa Masoko, İzmir

JIBU

Mwanangu, nenda Efeso, kwa siku moja, kwa treni. Pamukkale iache mpaka wakati mwingine.

Nianze na pesa, maana hilo halina maneno mengi. Nusu ya posho kwa siku mbili ni kubwa mno, na deni la mtu mnayelala naye chumba kimoja linaharibu urafiki mapema kuliko mnavyodhani. Tena sehemu kubwa ya mchango huo ni ya gari na ya kulala Pamukkale. Efeso haihitaji gari, wenzako mtakutana hukohuko. Mji wa karibu ni Selçuk, na treni zinafika: iko ile ya kawaida inayoondoka stesheni ya Basmane, na iko İZBAN, treni ya mjini, ukibadilisha pale Tepeköy. Ukishuka Selçuk kuna dolmuş, vibasi kama daladala, za kwenda mpaka getini, na hata kwa miguu ni kama kilomita tatu tu. Unaondoka alfajiri, jioni uko kwenye yurt yako, huna sababu ya kuomba ruhusa ya kulala nje. Kitakachokuuma ni kiingilio, kwa sababu mgeni hutozwa kwa yuro na si kidogo. Kwa hiyo wiki hii pita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa hapo chuoni, uulize kama kitambulisho chako na kadi ya ukaazi vinatosha kukatiwa kadi ya makumbusho ya wanafunzi, ile Müzekart. Kadi ya ukaazi yenyewe tembea nayo siku hiyo, polisi wanaweza kuihitaji njiani.

Kuhusu Pamukkale sina hata haja ya kupima. Kutoka Selçuk mpaka Denizli ni mwendo wa saa tatu hivi. Watu waliokuwa juani tangu asubuhi, kisha mmoja wao ashike usukani usiku? Hapana mwanangu, sikubali. Na hata kama barabara ingekuwa ya dakika kumi, juu ya ile miamba meupe ya Pamukkale kuna mji mzima wa kale, Hierapolis, wenye makaburi na ukumbi wake, nao unastahili siku yake. Kuuchungulia Jumapili macho yakiwa mazito ni kurudia ya Bergama.

Bergama hukurudi mtupu kwa sababu huna akili ya mambo ya kale. Ulikosa muda, na ulikwenda bila swali. Mtu asiye na swali hata umwonyeshe nini ataona mawe. Swali nakupa mimi, nalo ni hili: mji huu ulikuwa unakula nini? Pesa yake ilitoka wapi, iliingia kwa mlango gani, nani aliibeba mgongoni, na ilipokoma, ilikomaje? Binti aliyekulia kwenye biashara ya samaki ana macho ya swali hili. Unajua soko linavyochangamka mashua zikiingia, na unajua siku zisipoingia nyumba inakuwaje.

Sasa twende Efeso yenyewe. Fika geti linapofunguliwa asubuhi. Ziko njia mbili za kuingilia, ya juu na ya chini. Ingieni kwa ya juu mshuke, mtatokea chini bila kupanda. Vaa raba zenye kukamata vizuri, kwa sababu marumaru ya barabara ile imesuguliwa na nyayo za karne na karne mpaka inateleza. Beba maji na kofia. Niliutembea mji huo mwezi wa Julai na kivuli ni cha kutafuta. Mei mtapata nafuu, lakini kufika saa tano jua litakuwa limeshakolea.

Mkishuka barabara ya Curetes mtaiona Maktaba ya Celsus kule chini, na mtaikuta imezungukwa na watu wenye simu. Piga picha yako nawe, haina ubaya wowote, kisha jitenge ukae kwenye jiwe. Maktaba hiyo ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2 na mtoto wa Celsus kwa kumuenzi baba yake, aliyekuwa gavana wa Kirumi wa jimbo la Asia. Baba mwenyewe amezikwa chini ya jengo, na kuzikwa ndani ya mji ilikuwa heshima ya wachache. Zitazame nguzo za katikati, halafu za pembeni. Za katikati ni kubwa kidogo, na msingi umeinuliwa katikati kwa mpindo ambao jicho halikamati haraka. Jengo lilibanwa kati ya mengine, na fundi alitaka lionekane pana kuliko lilivyo. Akafanikiwa, maana mpaka leo kila anayesimama mbele yake anadhani ni kubwa kuliko vipimo vyake. Wale wanawake wanne wa mawe ukutani, wanaosimama kwa niaba ya hekima, wema, fikra na elimu, ni nakala. Sanamu za asili ziko Vienna, kwa sababu Waaustria ndio waliochimba Efeso tangu mwaka 1895. Ni haohao walioinua upya uso wa maktaba kati ya 1970 na 1978, kwa vipande vilivyokuwa vimelala chini tangu ulipoangushwa na tetemeko. Kwenye ngazi tafuta mchoro mdogo wa kinara cha Kiyahudi chenye matawi saba. Ni wa kuchokoa tu, si wa fundi mkubwa. Mtu fulani alikaa hapo akachora alama ya dini yake.

Geuza uso kulia kwako. Kuna lango la matao matatu limegusana na maktaba. Wengi hupita chini yake kwenda kwenye soko la kale bila kuuliza. Lango hilo lilijengwa na Mazeus na Mithridates, waliokuwa watumwa wa nyumba ya Kaisari Augusto wakaachwa huru. Wakalitoa kwa heshima ya Augusto na jamaa zake, na majina yao wakayaandika juu kwa Kilatini na Kigiriki, miaka michache kabla ya Kristo. Kaa hapo na swali lako. Efeso iliuza na kununua watu. Baadhi yao waliachiliwa wakatajirika, na wengi hawakuacha jina popote. Mimi nimelitazama lango lile kwa muda mrefu kuliko maktaba, na sijui kama kuna kitu kingine pale kilichonigusa zaidi.

Njiani kuelekea ukumbi mkubwa wa maonyesho waongozaji watakuonyesha unyayo uliochongwa sakafuni na watakwambia ni tangazo la danguro. Hadithi hiyo inapendwa na watalii, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Usiirudishe Masoko kama elimu.

Ukumbi mkubwa ndio uupe saa nzima. Ulichukua watu wapatao 25,000. Panda mpaka ngazi za juu ukae, kisha fungua simu usome sura ya 19 ya Matendo ya Mitume. Wewe ni Muislamu, najua, lakini sura hiyo ni habari ya soko na utaielewa kuliko wengi. Mfua fedha aitwaye Demetrio alikuwa anatengeneza vihekalu vya fedha vya mungu wa kike Artemi na kuwauzia waliokuja kuabudu. Paulo alipohubiri kwamba miungu iliyotengenezwa kwa mikono si miungu, Demetrio aliwakusanya mafundi wenzake akawaambia waziwazi kuwa riziki yao inakatika. Mji ukachafuka, watu wakamiminika kwenye ukumbi huohuo unaoukalia. Hapo umepata nusu ya jibu la swali lako: Efeso ilikula kutokana na hekalu na mahujaji wake.

Nusu ya pili iko mbele ya macho yako. Kutoka kwenye ngazi hizo unaona barabara pana ya mawe, urefu wake kama nusu kilomita, imenyooka kwenda bandarini. Fuata kwa macho mpaka mwisho. Hakuna bahari. Kuna matete na mashamba, na maji yako kilomita kadhaa mbele. Mto unaoitwa sasa Küçük Menderes ulileta tope mwaka baada ya mwaka ukaijaza bandari. Na hapa ndipo Bergama yako inaporudi. Mwanajiografia Strabo ameandika kwamba mfalme Attalo wa Pergamo, mji uleule mliokwenda, aliamuru mdomo wa bandari ya Efeso ufanywe mwembamba kwa ukuta, akidhani kina kitaongezeka na meli kubwa zitaingia. Ikawa kinyume. Maji yaliyokuwa yakitoka na kuchukua tope yalizuiliwa, tope likatulia ndani. Karne zilizofuata Warumi walisafisha mara kadhaa, Kaisari Hadriani akiwemo, na tope likarudi. Waliobaki wakahamia pole pole kwenye kilima cha Ayasuluk, ilipo Selçuk ya leo. Mtu aliyeambiwa hivyo akiwa ameketi pale juu hawezi tena kusema ameona mawe.

Mkitoka, swalini Adhuhuri kwenye msikiti wa İsa Bey chini ya kilima cha Ayasuluk. Ulijengwa mwaka 1375 na fundi aliyetoka Damascus, na ukiingia zitazame nguzo zake za mawe: zimechukuliwa kutoka kwenye majengo ya kale. Kutoka hapo hekalu la Artemi ni mwendo mfupi, na kiingilio hakuna. Lilihesabiwa kati ya maajabu saba ya dunia ya kale. Mwingereza John Turtle Wood alilitafuta kwa miaka mingi mpaka akalipata mwishoni mwa mwaka 1869, likiwa limefunikwa na tope. Leo kuna nguzo moja iliyounganishwa kwa vipande, na juu yake korongo hujenga kiota. Wenzako wanaweza kusema hakuna cha kuona. Wewe utakuwa umetoka ukumbini na habari ya Demetrio kichwani, na utaona.

Sasa nije kwenye lililokunyima usingizi.

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alishuka kwenye ufukwe wenu. Alipokelewa na sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kwa uzuri wake na sultani kwa ukarimu wake. Muda si mrefu baadaye alikuwa Anatolia, na moja ya miji aliyoingia ni Ayasuluk, kilima hichohicho mtakachokiona mkitoka msikitini. Humo aliona msikiti mkubwa uliokuwa zamani kanisa, na humohumo, kwa maandishi yake mwenyewe, alinunua msichana wa Kigiriki awe mtumwa wake. Msikiti wa İsa Bey ulikuwa bado haujajengwa. Kilwa ilikuwa na Msikiti Mkuu tayari, umepanuliwa na kuezekwa kwa kuba za matumbawe na chokaa. Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye birika la pembe nane, lilikuwa limesimama juu ya mwamba likitazama bahari.

Kwa hiyo usimwambie yule kijana wa Kituruki kwamba kwenu pia kuna vijigofu. Mwambie hivi: nilikujibu vibaya siku ile, kwetu kuna mji, na mtu mmoja aliwahi kuuona wenu na wetu katika safari zake za miaka hiyohiyo. Mwambie hapohapo Ayasuluk. Kisha mpe majibu ya lile swali letu. Kilwa ilikula dhahabu ya Sofala iliyoshuka kutoka bara, na pembe za ndovu, ikabadilishana kwa nguo na vyombo vya Uajemi na China. Ilipiga sarafu zake za shaba. Moja ya sultani huyo al-Hasan ilipatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine zinazohusishwa na Kilwa zilipatikana mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Haikuuawa na tope, bandari yake ina kina mpaka leo. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha kulipa kodi kwa Ureno, na mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kikaipora na kujenga ngome. Njia ya dhahabu ilipokamatwa, mji ukakosa cha kula.

Usimfiche na la pili. Kilwa ilipoinuka tena karne ya 18, sehemu kubwa ya pesa hiyo ilitokana na kuuza watu, Wafaransa wakiwa kati ya wanunuzi. Efeso ina lango la Mazeus na Mithridates, sisi hatuna lango lenye majina ya waliopitishwa Kilwa. Ukilisema hilo mbele ya lango lile wenzako watakusikiliza, na utakuwa umesema kweli kuhusu miji yote miwili. Kisha uwaambie kwamba Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Efeso iliingia mwaka 2015.

Limebaki la mama. Swali lake ni la haki, nami sitaki umwone kama anakubana. Yeye alikuwa kwenye moshi wa mafuta siku picha zako zilipoingia kwenye simu yake, na hakuna aliyemwambia chochote kabla. Safari hii mpigie mapema. Mtajie siku, treni, kiasi utakachotumia, na kwamba jioni utakuwa umerudi. Mwambie na mitihani ya mwisho wa muhula inaanza lini na umejiandaa vipi, na kama hujajiandaa, basi Jumamosi hiyo si yako, Efeso itakuwepo hata baada ya mitihani. Ukirudi usianze na picha. Mtumie sauti umsimulie Demetrio na wenzake walivyoona riziki inakatika. Halafu mweleze bandari iliyozibwa na mfalme aliyekuwa na nia njema. Mama mwenye biashara atauliza maswali ambayo hata wewe hukuyafikiria, na hatauliza tena kama umekwenda kuzurura.

Na likizo ukirudi nyumbani, kabla ya kuanza kutembelea ndugu, nenda pale Masoko ukachukue kibali cha kisiwani, nauli ya boti haitakushinda. Tafuteni mwenyeji wa Kisiwani awaongoze, kwa sababu watu bado wanaishi kule na wanaujua mji wao. Anzieni Msikiti Mkuu asubuhi jua halijawa kali, halafu nendeni Husuni Kubwa. Nimesema nendeni kwa sababu mama nadhani naye hajavuka. Mlipie nauli yeye pia, kwa akiba utakayoipata kwa kutokwenda Pamukkale.